Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Anapovuka Mpaka: Maandalizi ya Kiafya Kuanzia Zahanati hadi Chuo Kikuu

Bonde la Mto Mbwemkuru, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, hujulikana zaidi kwa korosho, ufuta na mbaazi kuliko kwa wasomi wake. Hata hivyo, kutoka vijiji vya bonde hilo, kama ilivyo kutoka vijiji vingine vya Tanzania, hutoka vijana wanaofaulu vizuri na kupata nafasi katika vyuo vikuu vya nchi nyingine, hususan Uganda na Kenya. Miongoni mwao wamo wenye ulemavu: kijana mwenye ualbino, msichana kiziwi, mwenye kifafa, au aliyevunjika uti wa mgongo baada ya kuanguka kutoka mtini au kupata ajali ya bodaboda.

Barua ya udahili inapowasili, familia hushughulika na nauli, ada na pasipoti. Maandalizi ya kiafya huachwa hadi wiki ya mwisho, na pengine husahaulika kabisa. Matokeo yake hujulikana mapema. Mwanafunzi hufika ugenini akiwa na dawa za siku kumi, bila taarifa ya daktari, bila kifaa mbadala, wala mtu wa kumweleza hali yake. Wengine hurudi nyumbani kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, na jamii huhitimisha kwamba masomo yamewashinda. Mara nyingi masomo hayakuwashinda. Kilichokosekana ni mpango wa afya ambao ungeweza kuandaliwa katika hospitali ya wilaya kwa muda wa saa chache na kwa karatasi mbili.

Makala haya yanaeleza mpango huo: haki zipi mwanafunzi anazo, taarifa ya kitabibu iandikwe vipi, na kila aina ya ulemavu inahitaji tahadhari gani mtu anapohama nchi. Yamekusudiwa watumishi wa afya, wagonjwa wenyewe na familia zao.

Ulemavu hubadilika mahali panapobadilika

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu bilioni 1.3, yaani takriban mtu 1 kati ya 6, wana ulemavu mkubwa. Tangu mwaka 2001 shirika hilo limeutazama ulemavu kama matokeo ya mambo mawili yanayokutana: hali ya mwili au akili ya mtu, na mazingira anamoishi. Mazingira yakibadilika, ulemavu nao huongezeka au hupungua, hata kama mwili ni ule ule.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa anayehama nchi. Kijana mwenye uoni hafifu ambaye nyumbani anajua kila njia, kila kisima na kila sauti ya jirani, anaweza kuonekana kana kwamba hana tatizo. Akipelekwa kwenye jiji lenye barabara za njia nne na madarasa ya watu mia tatu, anakuwa mtu mwenye ulemavu mkubwa kwa siku moja. Kwa upande mwingine, anayetambaa kijijini kwa kukosa kiti mwendo kinachofaa mchangani anaweza kwenda darasani bila msaada wa mtu katika chuo chenye njia za saruji na lifti.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mhudumu wa afya lisiwe jina la ugonjwa peke yake. Yako maswali sita mafupi yanayotumika katika sensa na tafiti za nchi nyingi. Yanauliza iwapo mtu anapata ugumu katika kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kuzingatia jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana na wengine. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kidogo, ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Maswali haya yanaweza kuulizwa hata katika zahanati isiyo na kipimo chochote. Kwa mwanafunzi anayesafiri, kila swali liulizwe mara mbili: hali ilivyo hapa nyumbani, na hali itakavyokuwa kule aendako.

Haki zinazovuka mpaka na zisizovuka

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 24 inazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila ubaguzi, na kwamba wanafanyiwa marekebisho stahiki. Maana yake ni mabadiliko yanayohitajika na yasiyo mzigo uliopita kiasi, kama vile muda wa ziada katika mtihani, mkalimani wa lugha ya alama, au darasa kuhamishiwa ghorofa ya chini. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Kenya na Uganda nazo zimeuridhia mkataba huo na zina sheria zake. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2018.

Kwa upande wa masomo ya kuvuka mpaka, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua uhuru wa raia wa nchi wanachama kwenda kusoma katika nchi nyingine mwanachama. Mwaka 2017 wakuu wa nchi hizo waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Upande wa kusini, Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa nchi wanachama wengine.

Haki hizo ni za kweli, lakini zina pengo ambalo familia huligundua zikiwa zimechelewa. Haki ya kutobaguliwa huvuka mpaka pamoja na mwanafunzi, ilhali fedha na vifaa mara nyingi havivuki. Mifuko ya serikali inayotoa viti mwendo, ufadhili wa masomo au vifaa vya kusikia huwahudumia raia wa nchi husika waliosajiliwa. Mtanzania anayesoma Kampala hana kadi ya ulemavu ya Uganda, na Mganda anayesoma Dar es Salaam hana usajili wa Tanzania. Aidha, bima ya nyumbani kwa kawaida haifanyi kazi nje, na bima ya chuo cha kigeni inaweza kukataa kugharimia hali iliyokuwapo kabla ya mwanafunzi kujiunga.

Hivyo mwanafunzi huyu husimama katikati: ameacha huduma za nchi yake na hajaingia katika huduma za nchi ya pili. Kitu kinachoweza kumvusha salama ni hati nzuri na vifaa vilivyoandaliwa kabla ya safari.

Taarifa ya kitabibu inayosaidia

Katika hospitali nyingi, anayeomba barua ya ulemavu hupewa sentensi moja yenye muhuri: "Huyu ni mlemavu wa macho, apewe msaada unaostahili." Barua ya aina hiyo inaweza kutosha kumtambulisha mtu kijijini, lakini ofisa wa chuo wa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu hawezi kuitumia. Haimwambii aandae nini.

Linganisha na maelezo haya: "Jicho lake zuri zaidi, akiwa amevaa miwani, linaona 6/36. Anasoma maandishi yaliyochapwa kwa herufi za ukubwa wa nukta 18 akiwa umbali wa sentimita 15, kwa dakika 20 kabla ya macho kuchoka. Haoni maandishi ya ubaoni hata akiketi mstari wa mbele. Mwanga mkali humwumiza. Hali hii ni ya kudumu." Kutokana na maelezo hayo ofisa anajua mara moja kwamba mwanafunzi anahitaji karatasi za mtihani zenye herufi kubwa, muda wa ziada, nakala za mhadhara kabla ya kipindi, na kiti kisichoelekea dirishani.

Taarifa nzuri ina mambo sita: utambuzi wa hali na tarehe ilipoanza, vipimo vilivyofanyika na matokeo yake, mambo ambayo mwanafunzi anaweza na asiyoweza kufanya, iwapo hali ni ya kudumu, inabadilika au inazidi, dawa na vifaa anavyotumia, na marekebisho anayopendekezewa. Iandikwe kwa lugha ya nchi aendako. Kiingereza hutosha Kenya na Uganda, lakini anayekwenda Msumbiji au Burundi ataomba tafsiri ya Kireno au Kifaransa. Majina ya dawa yawe ya asili, si ya kibiashara, kwa kuwa majina ya kibiashara hubadilika toka nchi hadi nchi.

Inafaa taarifa hiyo igawanywe katika karatasi mbili. Ya kwanza, inayoeleza uwezo na mahitaji, ni ya kitengo cha wanafunzi. Ya pili, inayoeleza ugonjwa, vipimo na dawa, ni ya daktari wa chuo peke yake, na hukabidhiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Mhadhiri anahitaji kujua kuwa mwanafunzi ataondoka darasani kila baada ya saa nne, lakini hahitaji kujua kuwa anakwenda kutoa mkojo kwa mrija. Siri ya mgonjwa haipotei kwa sababu amevuka mpaka.

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu ndani ya Tanzania anajua tayari kwamba ulemavu huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kwa anayekwenda nje, saini hiyo ina uzito vilevile. Kipimo kisichopatikana wilayani, kama kipimo kamili cha usikivu, kiombwe kwa rufaa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, na rufaa hiyo iandikwe miezi kadhaa kabla ya safari.

Kifafa: dawa na mpaka

Kifafa ndicho hali ambayo kosa dogo la safari huweza kuleta hatari kubwa kuliko zote. Fenobabito, dawa inayotumiwa sana katika zahanati na hospitali za wilaya kwa kuwa ni nafuu, imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, pamoja na diazepamu na klonazepamu. Mtu anayevuka mpaka na vidonge hivyo vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni usio na maandishi anaweza kunyang'anywa. Na kuiacha fenobabito ghafla huweza kusababisha degedege zinazofuatana bila mgonjwa kupata fahamu, hali inayoweza kuua.

Kwa hiyo dawa zibaki katika pakiti au chupa yake yenye jina la mgonjwa. Ziambatane na cheti cha dawa na barua ya daktari inayotaja jina la asili la dawa, kipimo na idadi ya vidonge. Kiasi kinachoruhusiwa kwa matumizi binafsi kwa kawaida hakizidi cha mwezi mmoja, hivyo mwanafunzi apange kumwona daktari wa chuo katika wiki ya kwanza, si siku vidonge vinapokwisha.

Kubadilisha dawa wiki chache kabla ya safari si busara. Ikiwa mabadiliko ni ya lazima, yafanyike miezi mitatu au minne mapema. Kwa msichana anayetumia valproeti, mazungumzo hayo yafanyike kwa uwazi, kwa sababu dawa hiyo huongeza sana uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro iwapo mama atapata mimba akiitumia. Asiiache mwenyewe, aamue pamoja na daktari.

Yapo pia mambo ya bwenini. Mwenye kifafa alale kitanda cha chini cha dabo deka, kamwe si cha juu. Asikeshe, maana kukosa usingizi wakati wa mitihani ni chanzo kikubwa cha degedege. Mwenzake wa chumbani afundishwe mambo manne: amlaze ubavu, asimtie chochote mdomoni, atazame saa, na aite msaada wa hospitali degedege ikizidi dakika 5.

Jeraha la uti wa mgongo na kiti mwendo

Watu huuliza kwanza kuhusu ngazi. Kwa mwanafunzi aliyepooza miguu, swali la choo ni kubwa zaidi. Wengi hutoa mkojo kwa mrija kila baada ya saa 4 hadi 6. Choo kikiwa mbali au mlango wake ukiwa mwembamba kuliko kiti, mwanafunzi huacha kunywa maji ili asibanwe. Kisha hupata maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, na mwishowe figo huathirika. Kabla ya safari, chuo kiulizwe kwa barua: choo chenye mlango wa angalau sentimita 80 kiko umbali gani kutoka darasani na kutoka chumbani? Njia ya mteremko ina urefu gani? Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda.

Ngozi nayo inahitaji nidhamu. Safari ya basi ya siku nzima, mtu akiwa ameketi pasipo kujiinua, inatosha kuanzisha kidonda cha mgandamizo kitakachochukua miezi kupona. Ajiinue kwa mikono au ainame upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, asafiri na mto wake wa kiti, na kila jioni atazame makalio na visigino kwa kioo. Aliyeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu afundishwe dalili moja ya dharura: kichwa kuuma ghafla kwa ukali, uso kuwa mwekundu au kutoka jasho, na shinikizo la damu kupanda. Mara nyingi chanzo ni mrija ulioziba au kibofu kilichojaa. Aketishwe wima na mkojo utolewe upesi.

Mwenye mguu wa bandia aulize mahali utakapotengenezwa. Chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT huko Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, hivyo mafundi wenye ujuzi huo wapo katika miji mikubwa ya kanda hii. Taarifa ya daktari itaje aina ya mguu na kiwango cha kukatwa, ili fundi wa ugenini asianze upya.

Macho, ualbino na vitabu

Ualbino unagusa ngozi na macho kwa pamoja, na wengi husahau macho. Mwanafunzi apimwe miwani na, inapowezekana, apewe lenzi ya kukuzia na darubini ndogo ya mkononi ya kutazamia ubao. Ngozi ichunguzwe kabla ya kuondoka na kila baada ya miezi sita, na doa au kidonda kisichopona kionwe na daktari bila kusubiri likizo. Mafuta ya kukinga jua hutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, lakini mwanafunzi asidhani atayakuta kila aendako. Achukue ya muhula mzima, pamoja na kofia ya ukingo mpana.

Kwa asiyeona, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ni msaada mkubwa usiojulikana sana. Mkataba huo unaruhusu vitabu kunakiliwa katika nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta bila kibali cha mwenye hakimiliki, na nakala hizo kupelekwa kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama. Kwa hiyo mkutubi wa chuo cha Nairobi anaweza kuomba kitabu kilichokwisha kunakiliwa kwingine badala ya kuanza kazi hiyo upya. Mwanafunzi ajifunze mapema kutumia programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Ipo NVDA, ambayo haina malipo. Miezi mitatu ya mazoezi nyumbani ni bora kuliko kuanza kujifunza programu na somo kwa wakati mmoja.

Uziwi na lugha za alama

Watu wengi hudhani lugha ya alama ni moja duniani. Sivyo. Lugha ya Alama ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda ni lugha tofauti, ingawa zina alama kadhaa zinazofanana. Kiziwi kutoka Ruangwa anayekwenda Kampala anaingia katika lugha mbili mpya, ile ya alama na Kiingereza cha maandishi. Chuo kikimpatia mkalimani, bado atahitaji muhula mmoja kuzoea. Taarifa yake iseme anatumia lugha gani ya alama, anasoma midomo kwa lugha gani, na anaandika Kiingereza kwa kiwango gani. Kipimo cha usikivu kionyeshe desibeli kwa kila sikio. Anayetumia shimesikio achukue betri za kutosha na aandike aina ya kifaa, maana si kila mji una fundi wake. Ndani ya hospitali za ugenini, awe na kadi yenye maelezo mafupi ya hali yake, kwa sababu mgonjwa asiyejibu anapoitwa jina huweza kurukwa kwenye foleni au kudhaniwa amechanganyikiwa.

Selimundu na tabianchi mpya

Si kila mwenye selimundu hujiita mtu mwenye ulemavu, lakini maumivu ya mara kwa mara humkosesha masomo kama ulemavu mwingine wowote. Mji wa Nachingwea uko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, Kampala takriban 1,200, Nairobi takriban 1,700 na Addis Ababa zaidi ya 2,300. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa yenye oksijeni ndogo huweza kuchochea maumivu. Mavazi ya joto na chupa ya maji isiyotoka mkononi ni sehemu ya tiba. Anayetumia haidroksiurea apange mahali pa kupimia damu mara kwa mara. Homa ya kufikia nyuzi 38.5 ni dharura, si jambo la kusubiri asubuhi.

Hatari nyingine iko kwenye kurudi. Mwanafunzi aliyekaa Nairobi au Addis Ababa, ambako malaria ni adimu, huja likizo Lindi ambako malaria ipo mwaka mzima. Kwa mwenye selimundu malaria huua upesi. Kinga ya malaria na chandarua viandaliwe kabla hajapanda basi la kurudi nyumbani.

Chanjo, kalenda na fedha

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa katika mipaka mingi ya Afrika. Chanjo hutolewa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Kwa kuwa ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana hapaswi kuipata kabla ya kuonwa na daktari, ambaye anaweza kumwandikia cheti cha msamaha.

Kalenda ya chuo nayo hailingani na kalenda ya shamba. Vyuo vingi vya Uganda hufungua Agosti na vya Kenya Septemba, wakati minada ya korosho huanza Oktoba. Familia inayotegemea korosho kununua kiti mwendo au kulipia vipimo itakuwa imechelewa. Fedha ya ufuta, inayopatikana katikati ya mwaka, ndiyo inayolingana na safari hii. Ofisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuieleza familia jambo hilo mapema. Miongoni mwa Wamwera, ambako ukoo hufuata upande wa mama, inafaa mjomba naye awepo katika mazungumzo, kwa kuwa neno lake huwa na uzito katika matumizi ya aina hiyo. Hata hivyo, ridhaa ya kutoa taarifa za ugonjwa ni ya mwanafunzi mwenyewe iwapo ametimiza miaka 18.

Mgeni anapokuja kwetu

Nachingwea si mahali pageni kwa wanaokuja kutoka nje kujifunza. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Msumbiji walikuwa na kambi yao hapo chini ya FRELIMO, hadi nchi yao ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Leo vyuo vikuu vya Tanzania hupokea wanafunzi wa nchi jirani, na baadhi yao wana ulemavu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepokea wanafunzi wasioona kwa miongo kadhaa.

Daktari wa chuo cha Tanzania anayempokea mwanafunzi wa Msumbiji au Burundi ayafanye yale ambayo angependa kijana wa Mbwemkuru afanyiwe huko aendako. Amwone ndani ya wiki mbili za kwanza bila kusubiri augue. Amwulize dawa zake kwa majina ya asili. Amwunganishe na kliniki ya karibu, na amweleze waziwazi gharama zipi atalipa mwenyewe. Asimwulize habari zake kupitia mwanafunzi mwenzake anayejua lugha yake, isipokuwa mwenyewe ameridhia.

Mambo ya kukagua kabla ya kuondoka

Mwanafunzi na mhudumu wake wa afya wakae pamoja, na wasiachane hadi kila swali lipate jibu:

1. Taarifa ya kitabibu ya karatasi mbili ipo, imesainiwa, na nakala yake imehifadhiwa katika simu?
2. Chuo kimejibu kwa maandishi kuhusu marekebisho yaliyoombwa?
3. Dawa za mwezi mmoja zipo katika pakiti zake, pamoja na cheti cha dawa?
4. Kifaa saidizi kimekaguliwa, na vipuri vyake vipo?
5. Bima inagharimia hali iliyokuwapo kabla ya kujiunga?
6. Chanjo zimekamilika?
7. Hospitali ya karibu na chuo inajulikana kwa jina?
8. Nani ataarifiwa nyumbani ikitokea dharura, na je, ameridhia kupokea taarifa hizo?

Swali la mwisho ni la mhudumu mwenyewe: ni lini atampigia simu mwanafunzi huyu baada ya kufika? Wiki sita ni kipindi kizuri. Wakati huo dawa za kwanza zimekwisha, majaribio ya kwanza yamekaribia, na matatizo yaliyofichwa kwa aibu yameanza kujitokeza. Yakijulikana katika wiki ya sita, mengi hurekebishika kwa barua moja kwenda kwa daktari wa chuo.